Kusihi kwa Hoja



Nilipoletewa barua ya kuniomba nije kusema nanyi juu ya ilimu ya mantiki, niliikubali upesi kuliko ilivyonipasa, na tangu siku ile nimekuwa katika hali ya mtu aliyekubali kupika pilau ya arusi bila ya kuuliza idadi ya wageni. Maana ilimu yenyewe ni pana, maulamaa wa umma mbalimbali wameiandikia vitabu tangu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na muda niliopewa ni wa kutosha kunywea kahawa na kashata tu. Kwa hivyo nimeona bora nishike jambo moja, lile lililo chini ya mengine yote: ni kitu gani kinachoifanya hoja iwe na nguvu ya kumfunga mtu, hata akiisha kuyakubali maneno ya mwanzo asiwe tena na njia ya kuyakataa ya mwisho, apende asipende? Na kwa kuwa jambo hili sikulisoma kwanza kitabuni, bali nililiona kwa macho yangu kabla sijajua kwamba lina jina, nitaanza pale nilipoliona.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja, huko Pemba, katika msimu wa karafuu. Aliyeishi Pemba hana haja ya kuelezwa msimu ule ulivyo: watu huamkia mashambani kuchuma, na usiku nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, hukaa kulizunguka fungu la karafuu mbichi wakichambua, yaani wakizitenga karafuu na makonyo yake, na kukicha zikaanikwa juani juu ya majamvi, hata ikawa kijiji chote, na nguo za watu, na wali wao, na maji yao ya mtungini, vina harufu moja. Basi usiku mmoja magunia mawili ya karafuu kavu yalitoweka katika ghala ya jirani yetu. Kulipopambazuka watu walikusanyika barazani, na mzee mmoja aliyekuwa akisikizwa sana, ambaye jina lake halituhusu hapa, akasimama akasema kwa sauti ya hakimu: "Aliyeziiba karafuu hizi hakosi kunuka karafuu. Kijana huyu," na hapo akamnyoshea kidole mgeni mmoja aliyekuja kuchuma kwa kibarua, asiye na jamaa pale kijijini, "ananuka karafuu. Basi mwizi ni huyu." Watu wakaitikia, na mtu akatumwa kamba. Ndipo akajikongoja hadi mbele bibi mmoja mkongwe, ambaye vidole vyake vilikuwa vimegeuka rangi kwa kuchambua, akampelekea mzee yule viganja vyake viwili hadi chini ya pua, akasema: "Kaka yangu, ninuse na mimi. Ukisha kuninusa, nifunge."

Watu walicheka, na kamba haikuletwa tena. Miaka mingi ilipita ndipo nilipofahamu jinsi kazi aliyoifanya bibi yule ilivyokuwa ya kifundi. Hakuikanusha kauli ya kwanza ya mzee, kwani ni kweli kwamba mwizi wa karafuu hunuka karafuu. Wala hakuikanusha ya pili, kwani kijana alikuwa akinuka kweli. Wala hakusema neno juu ya tabia ya kijana, ambaye hata jina lake nadhani hakulijua. Alichofanya ni kuichukua hoja ya mzee kama mtu achukuavyo kalibu ya mfua fedha, akaimwaga madini iliyokuwa ndani yake, akatia nyingine, akawaonyesha watu pambo lililotoka: kibibi cha miaka themanini kimebeba magunia mawili mgongoni usiku wa manane. Kalibu ikitoa kitu cha upuuzi namna ile, hali vilivyotiwa ndani yake vyote ni vya kweli, basi kasoro imo katika kalibu.

Lugha yetu ina neno lifaalo sana kwa jambo hili, nalo nataka nilitumie jioni hii kwa maana yake ya kale, neno *kusihi*. Sikusudii kule kumsihi mtu, yaani kumbembeleza na kumwomba. Nakusudia kusihi kwa mafakihi, wasemapo kwamba swala ya fulani imesihi, au nikaha ya fulani haikusihi. Nikaha husihi kwa nguzo zake: awepo mume, awepo mke, awepo walii, wawepo mashahidi wawili, na yatamkwe maneno ya kuoza na ya kupokea. Zikitimia nguzo hizo nikaha imesihi, hata bwana arusi awe bahili wa kuhesabu punje za mchele, hata bibi arusi awe na ulimi wa kuchoma kama pilipili, na hata nyumba yao isiuone mwezi wa Ramadhani ujao. Na ikipungua nguzo moja haikusihi, ijapokuwa mapenzi yao ni ya kutungiwa nyimbo. Kadhi aulizwapo kama nikaha imesihi haulizwi kama watu hawa watapatana. Hayo ni maswali mawili, nayo huulizwa mahali pawili.

Hoja nayo ni vivyo hivyo. Ina kauli zake za mwanzo, ambazo wanachuoni wa Kiarabu waliziita mukadima kwa kuwa ndizo zitanguliazo, na ina kauli yake ya mwisho, waliyoiita natija, yaani tunda. Twasema hoja imesihi ikiwa haiwezekani, kwa namna yoyote ile, kauli zake za mwanzo ziwe za kweli zote na natija yake iwe ya uwongo. Nawaomba mlishike neno hilo *haiwezekani*, maana uzito wote uko hapo. Sikusema kwamba haijapata kutokea, wala kwamba si kawaida, nimesema haiwezekani. Kama iko njia moja tu, japo nyembamba kama uzi, ambayo kwayo maneno ya mwanzo yatasimama na la mwisho lianguke, hoja hiyo haikusihi, na aliyeileta, hata awe fasihi wa kuwaliza watu, ametuomba tumkubalie kwa hisani kile ambacho hakukithibitisha.

Wanafunzi wangu niliokuwa nikiwasomesha walikuwa hawakubali upesi, na mimi sikuwalaumu, maana moyo wa mtu huipima hoja kwa natija yake: akiipenda natija, hoja huiona njema. Nilikuwa nikiwaandikia ubaoni maneno haya: visiwa vyote vimezungukwa na maji, Pemba imezungukwa na maji, basi Pemba ni kisiwa. Nikiwauliza kama hoja hii imesihi, darasa zima hunyosha mikono na kusema ndiyo, kwani kila kilichoandikwa pale ni kweli, na Pemba ni kisiwa pasina shaka. Kisha hufuta neno moja na kuandika jingine: visiwa vyote vimezungukwa na maji, jahazi lililoko katikati ya bahari limezungukwa na maji, basi jahazi hilo ni kisiwa. Hapo darasa hunyamaza, na aghalabu yuko mmoja nyuma kabisa ambaye hucheka peke yake kabla ya wenziwe, na mimi humjua kwamba ndiye aliyefahamu. Kwani jahazi na Pemba wameingia kwa mlango mmoja. Kama hoja ya Pemba ilikuwa imesihi, na hii imesihi. Na kama hii haikusihi, ile nayo haikusihi, ingawa ilitufikisha kwenye ukweli, kama vile mtu aliyepotea njia awezavyo kutokea nyumbani kwake kwa bahati.

Kinyume chake ni kigeni zaidi masikioni, nacho ni hiki: hoja yaweza kusihi hali maneno yake ni ya uwongo. Nyangumi wote ni samaki. Samaki wote huvuta pumzi kwa mapafu. Basi nyangumi wote huvuta pumzi kwa mapafu. Kauli ya kwanza ni ya uwongo, kwa maana nyangumi ni mnyama anyonyeshaye. Ya pili nayo ni ya uwongo (najua kwamba wavuvi wa Ziwa Viktoria watanitajia kamongo, ambaye kweli ana mapafu, lakini mimi nimesema *wote*). Na natija ni ya kweli tupu. Na hoja imesihi! Lau kama zile mbili zingalikuwa kweli, hapangalikuwa na njia yoyote ya kuikwepa ya tatu. Kusihi hakutwambii kwamba tumefika penye kweli; hutwambia tu kwamba njia haina shimo, hata tukiianza kwa kweli itatufikisha kwenye kweli. Hoja iliyosihi, na ambayo maneno yake ya mwanzo ni ya yakini, ndiyo wanachuoni wa Kiarabu waliyoiita burhani, na burhani ni adimu kuliko wasemavyo watu wa majukwaani.

Aliyeliona jambo hili kwanza kwa utimilifu, kwa kadiri ya vitabu vilivyotufikia, ni Aristotle, mwana wa mji wa Stagira kaskazini mwa Uyunani, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Masihi na kufa mwaka 322, na ambaye ujanani alikaa miaka ishirini katika chuo cha Plato mjini Athens. Watu walikuwa wakihojiana tangu zamani, na Wayunani walihojiana kupita kiasi. Alichokizua Aristotle ni kitu kidogo ambacho mtoto wa skuli leo hukiona cha kawaida, nacho ni kuziweka herufi mahali pa majina. Badala ya kusema juu ya farasi na watu na mimea, alisema: ikiwa A yahusu kila B, na B yahusu kila C, basi A yahusu kila C. Kwa herufi zile aliweza kuishika kalibu tupu mkononi, isiyo na madini ndani yake, akaigeuza na kuitazama pande zote. Akaziorodhesha namna za kuzipanga kauli mbili, akazitenga zile zisihizo na zile zisizosihi, na zile zisizosihi alizikataa kwa njia ile ile ya bibi wa Pemba, yaani kwa kutia majina yatakayotoa natija ya uwongo dhahiri.

Ilimu hii ilipofika Baghdad katika zama za tarjuma, Waarabu waliiita mantiki, neno litokanalo na kutamka, na hoja ya namna ile ya Aristotle wakaiita *qiyas*, yaani kipimo, neno lile lile tulilolikopa nasi tukalifanya "kiasi" cha sukari na cha chumvi. Aristotle wakamwita Mwalimu wa Kwanza, na al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, wakamwita wa Pili. Lakini haikupokewa bila ya ugomvi, na ugomvi mmoja nautaja kwa sababu unatuhusu sisi wenye lugha isiyo ya Kiyunani wala ya Kiarabu. Katika karne ile ya 10, mbele ya Waziri Ibn al-Furat, Abu Bishr Matta, mfasiri wa vitabu vya Aristotle, alikabiliwa na Abu Said al-Sirafi, bingwa wa nahau. Matta alidai kwamba mantiki ni mizani ya kupimia maneno yote yaliyo sawa na yasiyo sawa. Al-Sirafi akamjibu kwamba mizani ile ilitengenezwa na mtu wa Kiyunani, kwa lugha ya Kiyunani, ambayo Matta mwenyewe haijui kwa kuwa alifasiri kutoka Kisiria, na kwamba watu wengine hawalazimiki kuikubali. Kisha akamwuliza habari za herufi moja tu ya Kiarabu, *waw*, ile iunganishayo maneno kama "na" yetu: ina maana ngapi, na kila maana hutumika wapi? Matta akasema kwamba hiyo ni nahau, na mantiki haina haja nayo. Tawhidi, aliyetuhifadhia kisa hiki, atuonyesha kwamba barazani siku ile al-Sirafi ndiye aliyeshinda.

Mimi naona kwamba al-Sirafi alikosea katika jambo kubwa na akapatia katika dogo, na lile dogo ni la thamani. Kalibu ya hoja si mali ya Wayunani. Bibi wa Pemba hakuisoma kwao. Lakini kalibu hiyo katika kila lugha hushikizwa kwa vineno vidogo, ambavyo msemaji huvipita bila ya kuvitazama, na mtu asiyevijua vineno vya lugha yake hawezi kujua hoja yake imesihi au haikusihi. Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu wenzetu wanaofundisha mantiki kwa kufasiri kutoka Kiingereza hupapita mbio, na ndipo penye utajiri.

Tazameni tofauti iliyopo baina ya *ni* na *ndi-*. Nikisema "asali ni tamu", nimeipa asali sifa, na sikuinyima sifa hiyo halua wala tende. Kwa hivyo ukinionjesha kitu gizani, nikakiona kitamu, sina haki ya kusema kwamba ni asali. Lakini nikisema "asali ndiyo tamu", nimefunga mlango: utamu nimeupa asali na vingine vyote nimevitoa nje. Kauli hii ya pili huenda ni ya uwongo, na muuza halua atakuja kunigombeza; hata hivyo kwa kauli hii, nikionja kitu kitamu gizani, natija kwamba ni asali inasihi kabisa. Herufi chache zimeigeuza hoja mbovu kuwa hoja iliyosihi. Sasa mrudisheni mzee wetu barazani. Yeye alisema kwamba aliyeiba hunuka karafuu, na watu walisikia kwamba aliyeiba *ndiye* anukaye karafuu. Kauli ya kwanza ilikuwa ya kweli na haikumfunga mtu. Ya pili ingalimfunga kijana, lakini ilikuwa ya uwongo. Mzee aliiazima kweli ya ile na nguvu ya hii. Na nadiriki kusema kwamba nusu ya hoja mbovu nilizozisikia katika maisha yangu, mahakamani, vilabuni, misikitini na hata majumbani baina ya mke na mume, zimeundwa kwa wizi huo mmoja: mtu hutamka *ni* na kuondoka na *ndi-*.

Jambo hili latokea vile vile katika kauli za sharti. Yuko nahodha, tuseme, ambaye maji yakijaa huondoka. Tukiona maji yamejaa, twajua ameondoka; na tukimwona bado yuko gatini, twajua maji hayajajaa; njia mbili hizi zasihi. Lakini tukisikia kwamba ameondoka, hatuna haki ya kusema kwamba maji yamejaa, kwani huenda alijisukuma kwa pondo mapema ili awahi soko. Wala tukiona maji hayajajaa hatuna haki ya kuapa kwamba bado yupo. Sasa semeni "maji yakijaa *ndipo* nahodha huondoka", na mambo yamepinduka: kuondoka kwake kumekuwa ushahidi wa kujaa kwa maji. Lugha nyingine huhitaji maneno mengi kuieleza tofauti hii. Sisi tumepewa silabi mbili, na twazitumia ovyo.

Na liko neno *wote*, ambalo liliwahi kuniaibisha. Nilikuwa katibu wa chama kimoja cha kuzikana, na katika kumbukumbu za mkutano nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Wanachama wote hawakulipa ada ya mwezi huu." Juma lililofuata alinijia mwanachama mmoja nyumbani baada ya alasiri, mtu mpole ambaye sikupata kumwona ameghadhibika, akaiweka stakabadhi yake juu ya meza bila ya kukaa kitako, akasema: "Katibu, mimi ni mwanachama, au si mwanachama?" Nikamjibu kwamba ni mwanachama. "Basi kwa maneno yako sikulipa." Na hoja yake, mabibi na mabwana, ilisihi, mwenye kosa nilikuwa mimi. Nilikusudia kusema kwamba si wanachama wote waliolipa, na sentensi yangu ilichukua maana mbili, hiyo, na ile ya kwamba hakuna aliyelipa hata mmoja. Kwa maana ya kwanza, haipatikani natija yoyote juu ya mtu mmoja mmoja. Kwa maana ya pili, kila mtu amehukumiwa. Tangu siku ile nikitaka kukanusha baadhi huanza na "si wote", na nikitaka kukanusha kila mmoja huandika "hakuna hata mmoja", na nawausia makatibu vijana wafanye hivyo kabla hawajaletewa stakabadhi.

Methali zetu nazo ni hoja zilizofupishwa, na kwa kuwa zimefupishwa, kalibu zake hazionekani. Mtu aambiwapo "mtoto wa nyoka ni nyoka" kwa sababu baba yake alifungwa kwa wizi, mambo matatu yamefanywa kwa pumzi moja: pametajwa jambo la kweli juu ya nyoka, mtu akafananishwa na nyoka, na hukumu ya nyoka ikahamishiwa kwake. Ijaribuni kalibu hiyo kwa kutia jingine: mtoto wa hakimu ni hakimu, mtoto wa nahodha ni nahodha, na mtoto wa mtu aliyekufa maji naye, masikini, amekufa maji.

Huenda yuko anayejiuliza moyoni: kama bibi asiyejua kusoma aliweza kuibomoa hoja ya mzee kwa viganja viwili, ilimu yenyewe ni ya nini? Swali hili ni la zamani. Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake makadhi wa Kishafi wa pwani hii wameitegemea kwa miaka mingi, anatajwa miongoni mwa walioiharimisha mantiki. Na al-Akhdari wa Algeria, aliyetunga katika karne ya 16, akiwa kijana bado, kitabu cha mantiki kwa nadhamu kiitwacho Sullam, yaani ngazi, alizinukuu kauli tatu za maulamaa juu ya kuisoma, ya kuharimisha, ya kuipendekeza, na ya kuiruhusu kwa mwenye akili timamu aliyeikita miguu yake katika Kitabu na Sunna, na hii ya tatu ndiyo aliyoipa nguvu. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi: kitabu chake cha usuli wa fikihi, al-Mustasfa, alikifungua kwa utangulizi wa mantiki, akasema kwamba asiyeuzunguka utangulizi huo ilimu yake haiaminiki. Na Ibn Taymiyya, aliyeishi baina ya 1263 na 1328, akawaandikia watu wa mantiki kitabu kizima cha kuwaradi, ambamo asema kwamba ilimu hii mwerevu haihitaji na mzito wa akili haimfai kitu.

Neno hilo la Ibn Taymiyya ni kali na lina chumvi yake, na bibi wa Pemba ni shahidi wa nusu yake ya kwanza. Lakini mimi nimekuwa mwerevu siku nyingine na mzito siku nyingine, kwa kadiri ya usingizi nilioupata na ya jinsi nilivyompenda au kumchukia aliyekuwa akisema nami. Na sidhani kwamba niko peke yangu. Bibi yule aliliona shimo kwa sababu yeye na kijana hawakuwa na ugomvi. Lau karafuu zile zingalikuwa zake, na magunia yale mawili ndiyo matumaini yake ya mwaka mzima, sijui kama viganja vyake vingalikwenda kwenye pua ya mzee, au vingalikwenda kuishika kamba.

Lakini si haki kumwacha mzee wetu amelala chini namna ile, kwani naye alikuwa na neno. Harufu ya karafuu ilikuwa dalili. Na neno hili dalili limekuja kwetu na maana mbili ambazo hatukuzitenga. Kwa mafakihi dalili ni hujja ya kukata shauri. Kwa mvuvi dalili ni alama, kama tusemavyo kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yamekuja mara ngapi na mvua isinyeshe? Hata hivyo mwenye kuanika karafuu ayaonaye mawingu akaziacha majamvini ni mpumbavu. Tabibu hufuata alama, nahodha hufuata alama, hakimu naye mara nyingi hana jingine; hoja zao hazisihi kwa ile maana niliyoieleza, wala hazikudai kusihi, bali huizidisha dhana upande mmoja na kuipunguza upande wa pili. Kama mzee angalisema "anuka karafuu, basi na aulizwe alilala wapi", pasingalikuwa na la kumlaumu, ijapokuwa ingalimpasa kukiuliza kijiji kizima swali lile lile. Kosa lake ni kuiita dalili ya mvuvi kwa jina la dalili ya kadhi.

Na bibi naye tusimpe zaidi ya alichokipata. Aliionyesha hoja kwamba haikusihi. Hakuonyesha kwamba natija ilikuwa ya uwongo. Watu waliondoka barazani asubuhi ile wakisema kwamba kijana si mwizi, na wao pia walikuwa wameruka shimo, safari hii kwa upande wa pili, kwani kubomoka kwa ngazi moja hakuthibitishi kwamba hakuna mtu juu ya dari. Mwizi wa karafuu zile hakupatikana.

Kijana yule nilikutana naye tena baada ya miaka mingi, gatini Mkoani, mvi zimemjaa, ameacha kazi ya mashamba na ameingia katika uvuvi. Nilimwamkia, nikamtajia kijiji, akanikumbuka mimi na wazee wetu. Na tulipokuwa tumekaa juu ya gogo tukingojea mashua, nilishindwa kujizuia nikamwuliza habari za magunia yale mawili. Alinitazama kitambo, kisha akacheka, akaninyoshea kiganja chake cha kulia hadi chini ya pua kama alivyofanya bibi. Nikanusa. Kilikuwa kinanuka samaki.